Kizuia Radi Hufa Kimya: Upimaji wa Vifaa vya Kinga kwenye Njia za Umeme za Pembezoni mwa Dar es Salaam



Umeme ukikatika usiku wa mvua na ngurumo, mkazi wa Mbagala au wa Bunju huwasha mshumaa, hulaumu mbingu, kisha husubiri. Umeme ukikatika mwezi wa Septemba, saa nne asubuhi, jua linawaka na mbinguni hakuna hata wingu moja, mambo huwa mengine. Mchomeleaji huzima mashine akiwa katikati ya geti la mteja. Mwenye saluni huomba radhi kwa mama aliyekwisha kuoshwa nywele. Mtaa mzima huuliza swali lile lile: wanakata kwa sababu gani, mvua iko wapi? Mada hii inajibu swali hilo kwa kutazama kazi moja kati ya nyingi zinazofanywa nguzoni siku za namna hiyo, nayo ni upimaji wa vizuia radi.

Kizuia radi, ambacho mafundi wengi hukiita aresta, ni kifaa chenye umbo la visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kinachosimama jirani na transfoma pale unapoingia waya wa msongo mkubwa. Kwenye transfoma ya mtaani huwa vitatu, kimoja kwa kila waya. Kile cha laini ya kilovolti 11 kwa kawaida hulingana na chupa ya maji ya lita moja na nusu, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya transfoma inayolindwa. Jina lake lina udanganyifu kidogo, kwa kuwa hakizuii radi isipige. Hakuna kifaa duniani kinachofanya hivyo. Kazi yake ni kuionyesha radi iliyokwisha kuingia kwenye waya njia ya kwenda ardhini, kabla haijapita ndani ya transfoma.

Mapema inafaa kuondoa mkanganyiko mmoja. Aresta ya nguzoni sicho kile kinachoitwa mtego wa radi, ambacho huwekwa juu ya paa la shule, msikiti, kanisa au ghorofa. Mwezi Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Mwezi Juni 2011 Shule ya Msingi Runyanya, katika wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ilipoteza wanafunzi 18 kwa radi ya alasiri moja. Misiba ya namna hii imewafanya wazazi wengi waulizie mitego ya radi mashuleni, na wana haki ya kuiulizia. Lakini aresta ya transfoma, hata ingekuwa mpya na iko hatua ishirini kutoka darasani, haimlindi mtoto aliye chini ya paa lisilo na mtego. Inalinda transfoma, vikombe vinavyoshikilia waya, na huduma inayotegemea vitu hivyo. Anayeona aresta mtaani kwake na kudhani kwamba nyumba yake imekwisha kukingwa, anajidanganya kwa hatari.

Ni kweli kwamba Dar es Salaam haipati radi nyingi kama Ukanda wa Ziwa Victoria, na huenda ndiyo sababu mtu wa Pwani huichukulia radi kwa wepesi. Wapo wanaofunika vioo kwa khanga ngurumo zikianza, wapo wanaovua nguo nyekundu, na wapo wasiojali kabisa. Hata hivyo vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei huja na ngurumo zake, na kuna jambo moja limebadilika ambalo halizungumzwi vya kutosha. Zamani laini nyingi za Toangoma, Chamazi, Mabwepande na Kibada zilipita kati ya minazi na miembe mirefu. Mnazi uliokomaa huipita nguzo ya umeme kwa urefu, na radi aghalabu hupendelea kilicho kirefu zaidi. Mnazi ulipokea pigo kwa niaba ya nguzo. Mashamba yalipogeuka viwanja, miti ilikatwa, nyumba za chini zikajengwa, na laini ikabaki ndiyo kitu kirefu kuliko vyote kwa umbali wa nusu kilomita. Wakati huo huo laini zenyewe zimerefuka kuwafuata wakazi wapya. Waya mrefu juu ya uwanda ulio wazi hukusanya mapigo mengi kuliko waya mfupi ulio kivulini mwa miti. Hesabu hiyo haihitaji maabara.

Ili kuelewa kinachopimwa, ni lazima kuelewa kinachotokea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Waya mmoja wa laini ya msongo wa kilovolti 11 huwa na takriban kilovolti 6.4 kati yake na ardhi. Radi ikiupiga waya huo, au hata ikipiga mti ulio kando ya laini bila kuugusa waya wenyewe, wimbi la msongo hukimbia kwenye waya pande zote mbili, kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Wimbi hilo linaweza kufikia mamia ya kilovolti. Transfoma ya laini ya kilovolti 11 imetengenezwa istahimili pigo la ghafla la kilovolti 75 au 95, kulingana na daraja lake. Zaidi ya hapo karatasi na mafuta yanayotenganisha nyaya zake za ndani hutobolewa, na transfoma inakuwa chuma kizito kisicho na faida.

Aresta husimama katikati ya wimbi na transfoma. Ndani yake mna vipande vya mviringo, mfano wa vidonge vikubwa vya dawa, vilivyochomwa kwa joto kali kutokana na unga wa oksidi ya zinki uliotiwa bismathi na madini mengine kwa kiasi kidogo. Zinki hiyo ni madini yale yale yanayopakwa kwenye mabati ili yasishike kutu. Tabia ya ajabu ya vidonge hivyo iligunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1960 na mtafiti Michio Matsuoka wa kampuni ya Matsushita, na tangu hapo vimechukua polepole nafasi ya aresta za zamani zilizotumia kabidi ya silikoni pamoja na nafasi za hewa. Msongo ukiwa wa kawaida, kidonge hupitisha umeme mdogo mno, usiofika hata sehemu moja ya elfu ya ampea. Msongo ukiruka ghafla, kidonge hufunguka papo hapo na kupitisha maelfu ya ampea kwenda ardhini, na msongo unaobaki mbele ya transfoma hushuka hadi kilovolti 30 au 40 hivi. Wimbi likipita, hujifunga tena kana kwamba halikutokea lolote. Ni kama bomba la kumwagia maji ya ziada lililo juu ya simtanki: maji yakifika kimo chake humwagika nje, yakishuka, bomba hukauka, na tanki halipasuki. Mwenye nyumba huona taa imepepesa mara moja, basi.

Ugumu wa kazi hii uko hapa. Bomba la simtanki likiziba, mwenye nyumba ataona maji yakifurika. Aresta ikifa, aghalabu hakuna kinachoonekana.

Adui wake wa kwanza ni unyevu. Mipira inayoziba ncha zake ikichakaa, hewa yenye maji huingia ndani na kutengeneza njia ya umeme pembeni mwa vidonge. Adui wa pili ni uchafu wa nje, na hapa kata za pwani zina mzigo wake wa pekee. Upepo wa Kunduchi na wa Kigamboni hubeba chumvi ya bahari; jirani na kiwanda cha saruji cha Wazo kuna vumbi; kandokando ya barabara zisizo na lami kuna mchanga mwekundu. Chumvi na vumbi vikilowa umande wa alfajiri, umeme hutambaa juu ya ngozi ya kifaa badala ya kukaa mahali pake. Vifuniko vya kisasa vya silikoni huvumilia jambo hilo vizuri kuliko vile vya kauri, ingawa havidumu milele. Adui wa tatu ni radi yenyewe: kila pigo kubwa humchosha mlinzi, na pigo lililopita uwezo wake humuua.

Aresta inapokufa, umeme wa laini hupata njia ya kwenda ardhini bila kizuizi, na swichi ya kituo cha kupoza umeme hukata laini nzima. Aresta nyingi za siku hizi huwa na kikatio kidogo upande wa chini, ambacho hulipuka kwa makusudi na kuutupa waya wa ardhini. Laini husafishika, swichi hurudishwa, na umeme unawaka. Mtaa hushangilia. Kuanzia dakika hiyo transfoma ile haina mlinzi kwenye waya mmoja, na inaweza kuendelea hivyo mwaka mzima huku kila nyumba ikitazama mpira na kugandisha barafu. Radi ya pili ndiyo inayolipa deni la ile ya kwanza. Transfoma ikiungua, hasara haiishii kwa mwenye mali: zahanati huhangaika na jokofu la chanjo, kisima cha mtaa hakipandishi maji, samaki wa mfanyabiashara mdogo huoza, na gharama ya kununua transfoma nyingine huingia katika mahesabu ya huduma ambayo hatimaye hubebwa na wanunuzi wa umeme wote, pamoja na yule anayeweka LUKU ya shilingi elfu mbili.

Kwa hiyo aresta hupimwa. Upimaji una ngazi, na ngazi ya kwanza hufanyika mbali na mtaa. Aina ya aresta kabla ya kukubaliwa sokoni hupigwa radi ya kutengenezwa ndani ya maabara ya msongo mkubwa, kwa kufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60099-4. Mashine huachia mkondo wa ampea 10,000, au 5,000 kwa aresta za daraja dogo, unaopanda hadi kileleni kwa mikrosekunde 8 na kushuka hadi nusu kwenye mikrosekunde ya 20. Kinachosomwa ni msongo uliobaki, yaani kile ambacho transfoma ingekipata. Kuna pia jaribio kali zaidi la ampea 65,000 au 100,000 kwa muda mfupi zaidi, na majaribio ya kukizamisha kifaa ndani ya maji yanayochemka ili kuona kama mipira yake inavuja. Cheti cha majaribio haya ndicho kinachomtenganisha mlinzi wa kweli na kipande cha kauri chenye umbo la mlinzi. Aresta bandia haijulikani kwa macho, na kwa sababu hiyo unafuu wa bei peke yake haupaswi kuwa kigezo cha kununua kifaa hiki.

Ngazi ya pili ni ile inayofanyika mtaani bila kukata umeme. Fundi husimama chini akiwa na kamera ya joto. Aresta nzima hukaa karibu na joto la hewa inayoizunguka. Iliyoanza kuvuja hupata joto. Aresta tatu za transfoma moja ni mfano wa ndugu wa tumbo moja: zimezeeka pamoja, zimenyeshewa mvua moja, zimepigwa jua moja. Mmoja akiwa na homa na wenzake hawana, hakuna haja ya ubishi mrefu. Kazi hii hupendeza kufanywa alfajiri au baada ya magharibi, kwa kuwa jua la mchana hupasha kila kitu na kuichanganya kamera. Mkazi anayemwona mtu akiilenga transfoma kwa kitu kama kamera saa kumi na moja alfajiri anafanya vema kumwomba kitambulisho kwanza kabla ya kuita sungusungu.

Mahali penye vifaa zaidi, na hasa kwenye vituo vya kupoza umeme, hupimwa mkondo unaovuja kupitia waya wa ardhini wakati laini iko hai. Mkondo huo una sehemu mbili. Moja ni ya kawaida, haina madhara, na ndiyo kubwa. Nyingine ndogo ndiyo inayopasha vidonge joto, na ndiyo inayotafutwa. Ikipanda mwaka hadi mwaka, vidonge vinazeeka. Vituoni pia hufungwa kaunta inayohesabu mara ngapi aresta imefanya kazi. Kaunta hiyo ni nadra kwenye nguzo za mtaani.

Ngazi ya tatu ndiyo inayomkasirisha mchomeleaji. Laini huzimwa, hufungiwa ili asiwepo mtu wa kuirudisha kwa bahati mbaya, hupimwa kuhakikisha imekufa, kisha waya hushikizwa ardhini pande zote mbili za mahali pa kazi. Hatua hizo pekee huchukua muda, na hakuna hata moja inayoweza kurukwa, kwa maana fundi aliye juu hana nafasi ya kukosea mara mbili. Ndipo aresta hutenganishwa, hufutwa chumvi na vumbi, na kuunganishwa na kipima kinachoitwa mega, ambacho hutuma msongo wa volti 2,500 au 5,000 na kusoma ukinzani. Kifaa kizima husoma maelfu ya megaomu. Kilichoingia maji huanguka mbali chini ya hapo. Usomaji unaofanywa kabla ya kufuta uchafu unaweza kukihukumu kifaa kizima kwa kosa la vumbi lake, na fundi mwenye haraka huishia kutupa mlinzi mzuri. Penye chombo kikubwa zaidi, msongo hupandishwa taratibu mpaka aresta ipitishe miliampea moja; msongo wa hapo hulinganishwa na ule ulioandikwa na mtengenezaji. Ukiwa umeshuka, vidonge vimechoka. Mega peke yake haisemi yote, kwa sababu volti zake 5,000 ni ndogo kuliko msongo wa kazi wa aresta yenyewe. Ni kama kumpima mzee mapigo ya moyo akiwa ameketi.

Yote hayo yanahusu nusu ya juu. Nusu ya pili ya kizuia radi iko chini ya miguu ya wakazi, na kwa maoni ya mada hii ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Aresta hupeleka radi kwenye waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, na waya huo hushuka kando ya nguzo hadi kwenye fimbo ya shaba, au ya chuma kilichovikwa shaba, iliyopigiliwa ardhini. Ardhi isipoupokea umeme huo, aresta haina mahali pa kuupeleka. Kwa kawaida hutakiwa ukinzani wa ardhi usiozidi omu 10 hivi, na kadiri unavyokuwa mdogo ndivyo bora. Sasa, sehemu kubwa ya Temeke, Kigamboni na pwani ya Kinondoni ni mchanga, na penginepo ni mwamba wa matumbawe. Mchanga mkavu hupokea umeme vibaya. Fimbo iliyosoma vizuri mwezi wa Mei, ardhi ikiwa imeshiba maji ya masika, inaweza kusoma vibaya mno mwezi wa Septemba. Mafundi hurekebisha kwa kuongeza fimbo, kuzipigilia ndani zaidi, au kwa njia ya miaka mingi ya kuweka mkaa na chumvi kuzunguka fimbo. Chumvi kwenye mchanga wa Mbagala haikai. Mvua huichukua, na baada ya misimu michache mambo hurudi palepale. Kwa hiyo usomaji wa kuaminika ni ule wa kiangazi, pale ardhi inapokuwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Vuli huanza Oktoba. Ndiyo maana ya Septemba, na ndiyo maana ya jua kali na umeme uliokatwa.

Kupima ardhi kunahitaji nafasi. Fundi hupigilia vijiti viwili vya chuma kwa mstari mmoja kutoka kwenye fimbo, cha mbali kikiwa makumi ya mita, na cha kati kikiwa zaidi kidogo ya nusu ya njia. Hapa ndipo kazi ya ufundi inapokutana na maisha ya mtaa. Chini ya transfoma nyingi pana kivuli na pana watu: kijiwe cha bodaboda, meza ya mama ntilie, kibanda cha chipsi, fundi viatu. Pengine fremu za maduka zimejengwa hadi kwenye nguzo na sakafu ya zege imemwagwa juu ya fimbo, hivyo fimbo haionekani wala haijulikani ilipo. Hakuna anayependa kumwondoa mama ntilie mahali anapopatia riziki, na mada hii haipendekezi msako. Lakini ofisi ya mtaa inayotoa nafasi ya kibanda inajua nguzo iko wapi, na inaweza kuacha ukanda wazi kuizunguka kabla zege halijamwagwa. Ni rahisi kuliko kulivunja baadaye. Kuna na usalama: radi inaposhuka kupitia waya ule, ardhi inayozunguka fimbo huwa na msongo kwa kitambo kidogo, na anayekaa juu yake mvua ya ngurumo ikinyesha amekaa mahali pabaya kuliko pote mtaani. Mbuzi wanaofungwa kwenye nguzo za transfoma na kamba za kuanikia nguo zinazotundikwa hapo zina hatari hiyo hiyo.

Kisha kuna wizi. Shaba ina soko, na waya wa ardhini unafikiwa kwa mkono. Mwizi huukata usiku kwa dakika mbili, na umeme hauzimiki, taa haipepesi, hakuna jirani anayeamka. Anayeuza kilo mbili za shaba kwa mnunuzi wa chuma chakavu ameiacha transfoma ya kaya mia moja ikiwa na aresta tatu nzima zisizo na mahali pa kumwaga radi. Na kwa kuwa waya huo mara nyingi umeunganishwa pia na mwili wa transfoma, kukatwa kwake kunaweza kuufanya mwili huo kuwa hatari kwa anayeugusa. Baadhi ya mafundi sasa hutumia waya wa chuma au wa alumini sehemu ya juu, au huuficha ndani ya bomba, ili mwizi asipate faida. Ulinzi wa uhakika zaidi bado ni macho ya majirani, pamoja na mnunuzi wa chakavu anayekataa kununua shaba asiyojua ilikotoka.

Fundi anayebadilisha aresta naye ana mtihani wake mdogo. Waya unaoiunganisha na transfoma na ardhi unapaswa kuwa mfupi na ulionyooka. Mkondo wa radi hupanda haraka mno kiasi kwamba kila mita ya waya wa ziada huongeza msongo juu ya ule uliobanwa na aresta. Mzingo uliokunjwa vizuri kwa ajili ya kupendeza macho unaweza kupunguza kwa kiasi kikubwa kinga iliyolipiwa kwa fedha nyingi. Ukaguzi wa jambo hili hauhitaji chombo; unahitaji jicho tu, na unapaswa kufanyika kabla ngazi haijateremshwa.

Kwa upande wa nyumbani, neno moja linatosha. Aresta ya msongo mkubwa hupunguza, haiondoi. Wimbi dogo linaweza kupenya hadi kwenye nyaya za volti 230, au kuingia moja kwa moja kwenye nyaya hizo zinazotambaa kutoka nguzo hadi nguzo mtaani. Kuchomoa televisheni na friji ngurumo zinapokaribia ni desturi njema ya bibi zetu wa mjini, na ichomolewe pia waya wa antena. Mwenye uwezo anaweza kufungiwa kizuia msongo kwenye boksi la swichi na fundi mwenye leseni ya EWURA, baada ya kuhakikisha kwamba nyumba yenyewe ina ethi inayofanya kazi. Bila ethi, kifaa hicho ni pambo.

Linabaki la taarifa. Aresta iliyokufa yenye kikatio humwachia mpita njia dalili moja: waya wa ardhini uliokuwa umeshikwa chini yake sasa unaning'inia hewani, au kifuniko kimepasuka na kuungua. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuiona kutoka barabarani, ilhali kamera ya joto huenda isipite hapo kwa miezi. Mkazi anayeiona hapaswi kusogea, kushika wala kufunga waya huo, hata kama umeme umezimika. Apige namba ya huduma kwa wateja ya TANESCO au afike ofisi ya mtaa, na aeleze mambo manne: namba iliyoandikwa kwenye nguzo au kwenye transfoma, mahali ilipo kwa alama inayojulikana, ni waya upi kati ya mitatu unaoning'inia ukihesabu kutoka upande wa barabara, na siku ambayo mtaa ulisikia mlipuko. Hilo la nne huonekana dogo, lakini humwambia fundi transfoma imekaa siku ngapi bila kinga, na kama inafaa kupimwa yenyewe kabla ya kufungiwa aresta mpya.